Gari linapiga "ko" nikikata usukani, na nimeshabadilisha vitu viwili bure

Zamu_ya_Usiku

Wakuu, habari za leo. Naomba mnisikilize kabla hamjaniambia nipeleke gari gereji, maana gereji limeshakwenda mara mbili.

Gari langu ni dogo, linavuta kwa magurudumu ya mbele, gia otomatiki, usukani wa umeme, limetembea kilometa 148,000. Kazini natoka saa nane usiku, maegesho yako kimya kabisa, na ndiyo sababu niliisikia mapema. Nawasha, nakata usukani wote kulia ili nitoke, na kabla gari halijasogea hata shubiri linapiga "ko!" Mara moja. Nikiendelea kukata, linapiga tena. Nikirudisha, "ko" nyingine. Si mlio mkavu wa nyundo. Mwishoni una mwangwi kidogo, kama umegonga sufuria tupu kwa kifundo cha kidole. Tena nausikia zaidi kwenye mguu wa kushoto kuliko masikioni, yaani sakafu yenyewe inashtuka.

Haya mengine nimeyatoa kwenye daftari (ndiyo, nina daftari la gari, chekeni tu). Barabara iliyonyooka, hata yenye mashimo: kimya. Mwendo wa 60, wa 80: kimya. Kona pana za mwendo: kimya. Ni pale tu ninapokata usukani sana, gari likiwa limesimama au linatambaa. Asubuhi ya baridi ni mbaya zaidi, na siku ya mvua kubwa hupungua. Halafu kuna jambo ambalo sijui kama linahusika: nikitoka kwenye kona, usukani haurudi wenyewe kama zamani. Inabidi niurudishe kwa mkono.

Fundi wa kwanza alilitikisa gari mara mbili akasema linki za stabilaiza, vile vijiti vinavyoshika fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Tukabadilisha zote mbili. "Ko" ikabaki. Wa pili akasema tairodi endi, viungo vya mwisho vya vyuma vinavyosukuma magurudumu yakate. Tukabadilisha, tukafanya alaimenti (kurekebisha mkao wa magurudumu). "Ko" ikabaki palepale, ila gari sasa linanyooka vizuri, kwa hilo nashukuru. Juzi huyo wa pili kanipigia, anasema itakuwa reki nzima ya usukani, ule mtambo wa chini unaosukuma magurudumu ukikata. Hapo nikafunga mkoba.

Swali langu: kuna njia ya kujua kwa hakika kabla sijanunua kitu cha tatu?

Kasi_Tano

Sivijointi hiyo, kile kiungo cha ekseli kwenye gurudumu. Badilisha ya kushoto, utanishukuru.

Zamu_ya_Usiku

Kwa nini ya kushoto?

Kasi_Tano

Si umesema mguu wa kushoto?

Nati_na_Bolti

Kasi, taratibu. Sivijointi ya nje ikifa inalia "ka-ka-ka-ka", na mlio unafuata mzunguko wa gurudumu: ukiongeza mwendo nao unaongezeka. Unakata usukani mpaka mwisho, unakanyaga mafuta kidogo, unazunguka duara, hapo utaisikia. Dada amesema gari limesimama na linapiga mara moja moja. Gurudumu halizunguki, sivijointi italia na nini? Atazame tu kama mpira unaoifunika umepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Kama mpira ni mzima, aachane nayo kwa sasa.

Mimi ningeanzia kwenye shafti ya usukani, ile inayoshuka kutoka kwenye usukani kwenda kwenye reki. Ina krosi (viungo vinavyoiwezesha kupinda), kawaida mbili, na krosi ikilegea inagonga chini ya miguu ya dereva. Kipimo chake ni rahisi: gari limesimama, mwenzako autikise usukani kulia na kushoto kidogo sana, kama vidole viwili tu kila upande, harakaharaka. Wewe ingiza mkono chini ya dashibodi uishike ile krosi. Iliyolegea utaihisi inagonga mkononi. Usije ukaifungua shafti mwenyewe na kuuacha usukani ukizunguka ovyo, maana nyuma ya usukani kuna utepe wa nyaya unaojiviringisha kwa ajili ya mfuko wa hewa. Ukizungushwa kupita kiasi unakatika, na hapo utakuwa umejitafutia ugonjwa mwingine kabisa.

Zamu_ya_Usiku

Asante sana. Nimefanya sasa hivi na mdogo wangu. Krosi haina hata dalili ya kucheza, na kwa kutikisa kidogo hivyo "ko" haitokei. Inatokea usukani ukishakwenda karibu robo ya mzunguko. Mipira ya sivijointi ni mizima pande zote mbili.

Mzee_wa_Spana

Binti, hilo jibu lako la mwisho limesema kuliko ulivyodhani. Kitu kilicholegea kinagonga mara tu unapobadilisha mwelekeo, kwa sababu ile nafasi iliyo wazi inazibwa mwanzoni kabisa mwa mwendo. Kinachogonga baada ya robo mzunguko hakijalegea, kimekwama. Kinavutwa, kinang'ang'ania, kikizidiwa kinaruka. Ndiyo maana ina mwangwi, na ndiyo maana usukani haurudi wenyewe.

Kabla sijaendelea nikuulize swali ambalo nilikuwa namuuliza kila mteja kabla sijainama chini ya gari lake: kuna kazi gani ilifanywa upande wa mbele kabla mlio haujaanza? Sisemi baada. Kabla.

Zamu_ya_Usiku

Shikamoo mzee.

Nimefungua daftari. Nilibadilisha shokapu za mbele, zote mbili. Mlio wa kwanza nimeuandika wiki tatu baadaye. Sikuviunganisha kwa sababu hizo wiki tatu gari lilikuwa zuri.

Mzee_wa_Spana

Marahaba. Wengi hawaviunganishi. Na mauntingi za juu nazo zilibadilishwa, au shokapu peke yake?

Zamu_ya_Usiku

Spea za zamani nilirudishiwa kwenye boksi. Ni shokapu mbili tu.

Mzee_wa_Spana

Basi sikiliza, na wengine wasikilize maana hili nimeliona mara nyingi.

Kwenye gari kama lako springi imekaa kwenye shokapu, na vyote viwili vinazunguka na gurudumu unapokata usukani. Kule juu, chini ya boneti, vinashikwa na mauntingi: mpira mnene uliobanwa kwenye bodi kwa nati, kawaida tatu. Bodi haizunguki, shokapu inazunguka, kwa hiyo katikati yao lazima pawe na beringi. Ni nyembamba, ukiishika mkononi unaweza kuidharau, lakini uzito wa kona ile ya gari umekaa juu yake. Vumbi na maji vikiingia, grisi inakauka, gololi zake za chuma zinashika kutu, beringi inakwama. Sasa ukikata usukani, kikombe cha chini, kile springi inachokalia kwenye shokapu, kinazunguka na springi inataka kukifuata, lakini huku juu imeshikwa. Inajipinda kama nguo inayokamuliwa. Ikifika mwisho wa uvumilivu inaruka kwenye kikombe chake, "ko". Ukiendelea inajipinda tena, inaruka tena. Na ule mpindo ndio unaokuzuilia usukani usirudi wenyewe. Mvua inapolowesha pale, springi inateleza kirahisi, mlio unapungua.

Naweza kuwa nimekosea, kwa hiyo usinunue kitu. Pima kwanza.

Weka gari mahali tambarare, handbreki juu, gia kwenye P, magurudumu yote chini, jeki usiiguse. Injini iwashwe. Mdogo wako akae kwenye usukani. Chukua chaki, kata usukani mpaka uione springi vizuri kupitia nyuma ya gurudumu, halafu chora mstari mmoja ulionyooka unaopita kwenye mzunguko wa chini wa springi na kushuka mpaka kwenye kikombe kinachoikalia. Mwambie akate taratibu sana kwenda upande wa pili, wewe unatazama kwa tochi. Springi isiyo na tatizo inazunguka na kikombe chake kwa utulivu, mstari haukatiki. Iliyokwama, utaona mstari unavunjika ghafla pale inaporuka. Fanya pande zote mbili, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Na vidole visikaribie katikati ya mizunguko ya springi. Ikiruka inabana, na haina huruma. Ukitaka kuhisi kwa mkono, fungua boneti uweke kiganja juu ya mauntingi wakati mwenzako anakata. Mshtuko utakuja wenyewe.

Ukimaliza hilo, nyanyua mbele yote, weka stendi chini ya chesisi (jeki ni ya kunyanyulia tu, watu wamekufa kwa kuiamini), kisha kata usukani tena. Uzito ukiondoka kwenye springi na "ko" ikatoweka au ikapungua sana, ushahidi unazidi kuelekea juu. Na kwa kuwa magurudumu yanaelea, shika tairi juu na chini ulitikise, halafu kushoto na kulia. Zamani nilikuwa nawaambia vijana saa sita na saa kumi na mbili, saa tatu na saa tisa, na uzuri wake ni kwamba uisome saa kwa Kiswahili au kwa Kizungu, mikono inafika palepale. Likicheza juu na chini, ni boljointi (kiungo kinacholishikilia gurudumu kwa chini) au beringi ya gurudumu. Likicheza kushoto na kulia peke yake, ni tairodi au ile rekiendi ya ndani. Boljointi ya chini ipime pia kwa mtalimbo, uupitishe kati ya kontroli amu (mkono wa chuma wa chini) na chuma kinachobeba gurudumu, uukandamize taratibu. Ikiinuka na kushuka, acha kuliendesha gari hilo siku hiyohiyo. Mambo mengine yote yanaweza kungoja, hilo haliwezi.

Tairi_Lililolala

Jina langu hapa jukwaani limetokana na hilo la mwisho. Boljointi ilinigongea mwezi mzima, nikaongeza sauti ya redio. Ikachomoka naingia getini, mwendo wa kutembea kwa miguu, gurudumu likalala nje kama mguu wa ng'ombe aliyechoka. Ingekuwa barabara kuu nisingeandika hapa.

Zamu_ya_Usiku

Mzee, nimerudi. Magoti yangu yana rangi ya sakafu.

Tumepima upande wa kulia kwanza. Mdogo wangu kakata kutoka mwisho hadi mwisho, mstari wa chaki umezunguka mzima, kama ulivyosema. Kimya.

Tukahamia kushoto. Mwanzoni kikombe na springi vilikwenda pamoja, nikaanza kukata tamaa. Halafu mizunguko ya springi ikaanza kukazana, yaani unaiona kwa macho ikijisogeza, huku kule juu hakuna kinachotikisika. Nikamwambia endelea. "KO!" Mstari wangu ukakatika vipande viwili, kipande cha chini kikawa kimeachana na cha juu kwa upana wa kidole gumba. Nimepiga kelele mpaka mdogo wangu akazima gari akidhani amenikanyaga.

Juu ya mauntingi ya kushoto kiganja kinarushwa. Ya kulia unahisi mtetemo mdogo tu wa injini. Tuliponyanyua, mlio ukatoweka kabisa pande zote. Matairi hayachezi popote. Boljointi nimeisukuma kwa mtalimbo, haikusogea.

Jambo jingine. Ile kofia ya plastiki inayofunika juu ya mauntingi, ya kulia ipo. Ya kushoto haipo. Ndani pamejaa tope lililokauka.

Kasi_Tano

Kwa hiyo ni kushoto.

Nati_na_Bolti

Kasi 😂😂😂

Mzee_wa_Spana

Kofia ilisahaulika siku ya shokapu, maji yakaingia kwenye beringi ambayo tayari ilikuwa na kilometa zote hizo. Aliyefanya kazi ile alikuwa ameshaishika mkononi. Angeizungusha tu kwa vidole angeisikia inasaga.

Ukitaka uthibitisho wa mwisho, chukua grisi ya kopo ya kupuliza, ingiza mrija wake kwenye upenyo wa beringi, kata usukani mara kadhaa. Mlio ukilegea kwa siku chache, kesi imekwisha. Hicho ni kipimo, wala usije ukaniambia kuwa ni tiba.

Matengenezo yenyewe usiyafanye nyumbani kama huna klampu za kubana springi. Nayasema kwa ukali makusudi: ile nati ya katikati, juu ya mauntingi, ndiyo inayoizuia springi isifyatuke. Ukiilegeza springi haijabanwa, inakurukia usoni. Unazifungua zile tatu za pembeni, ya katikati haiguswi mpaka shokapu iko mezani na springi imebanwa kwa klampu mbili zinazotazamana, zamu kwa zamu, mpaka ikaanza kucheza yenyewe kwenye kikombe.

Mengine fundi wako anayajua, lakini simama karibu uangalie haya. Mpira wa mafuta ya breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki) vitolewe kwenye shokapu kabla haijavutwa. Chuma kinachobeba gurudumu kifungwe kwa waya kisidondokee nje, kikilala sana kinaweza kuchomoa sivijointi ya ndani. Zile bolti mbili za chini ya shokapu zichorewe alama kabla ya kufunguliwa, kwa sababu kwenye magari mengi mkao wa gurudumu unabadilika hapo, na alama au hakuna alama, alaimenti itapimwa upya. Beringi mpya ina juu na chini, ikigeuzwa itakufa haraka. Ncha ya springi ikae kwenye kile kingazi kilichoko kwenye kikombe cha chini, iguse kabisa. Nati za kujifunga zenyewe ziwe mpya, zile za zamani zikishafunguliwa hazishiki tena kama mwanzo. Na badilisha mauntingi na beringi za pande zote mbili. Ya kulia ni kimya leo, lakini umri wao ni mmoja.

Zamu_ya_Usiku

Wakuu, limekwisha. Nimetafuta fundi wa tatu, nikamsomea ujumbe wa mzee kwenye simu. Alinitazama, akasema "huyo aliyeandika ni fundi", akaenda kutoa klampu.

Beringi ya kushoto ilipotoka ilikuwa haizunguki kwa mkono. Alipoilazimisha ikatoa unga mwekundu, wa kutu, ukamwagika mezani kama pilipili. Gololi mbili zilikuwa zimepoteza umbo. Ya kulia inazunguka lakini inakwaruza, nikashukuru kwamba sikuibania.

Halafu kuna hili. Ncha ya springi ya kushoto ilikuwa imepita mbali na kile kingazi, kama vidole viwili. Kwenye kikombe kuna mkwaruzo unaong'aa, rangi yote imelika, ni njia ambayo springi imekuwa ikirukia miezi yote hii. Fundi akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaikalisha ncha palepale inapotakiwa, akanionyesha kwa tochi kabla ya kufunga. Kofia zote mbili zipo. Alaimenti tumefanya leo asubuhi.

Usiku wa jana, maegeshoni, nilikata usukani wote kulia, wote kushoto, mara sita. Hakuna. Mlinzi akaja kuniuliza kama gari limegoma. Na kwenye kona ya kwanza usukani ulirudi wenyewe mikononi mwangu, haraka kuliko nilivyozoea, nikakaribia kupanda ukingo.

Sasa nina linki mbili za stabilaiza kwenye buti ambazo hazikuwa na kosa lolote. Nimezishika leo, ngumu kabisa. Tairodi nazo vivyo hivyo.

Mzee_wa_Spana

Zifunge kwenye mfuko mkavu, siku moja zitakufaa. Ukishatembea wiki moja hivi rudi kwa huyo fundi azikague zile nati tatu za juu na bolti za chini, kwa spana yenye kipimo, si kwa nguvu za bega. Na hilo daftari lako usilitupe.

Gia_Rivasi

Naombeni kudandia hapahapa. Langu nalo linagonga "ko" mbele kushoto, ila ni nikipita kwenye mashimo nimenyoosha usukani, nikikata likiwa limesimama halilii kabisa. Ni mauntingi pia?

Mzee_wa_Spana

Lako ni jingine. Anza na linki za stabilaiza na bushi (mipira ya viungo) za kontroli amu. Fungua uzi wako, useme gari limetembea kilometa ngapi na nani aliligusa mara ya mwisho.

Zamu_ya_Usiku

Gia_Rivasi, kama linki zako zina vipimo kama vya langu, nina mbili kwenye buti.